Mchezo wa Kuokota Hela za Wafu

Wapo watu waungwana kabisa, wasioweza kuokota hata embe lililoanguka uani kwa jirani bila kupiga hodi, ambao siku ya mapumziko huvaa kofia ya ukindu, hushika mashine yenye mpini mrefu na sahani ya duara chini yake, kisha huenda kupita juu ya mahame na makaburi ya wenzao wakitafuta sarafu za kale. Wanauita mchezo. Wanasema ni sawa na kuvua kwa mshipi: unatupa, unangoja, ukipata umepata, usipopata umepunga upepo. Mimi nasema mshipi hauhusiki hapa hata kidogo. Samaki unayemvua leo Mwambani, kesho atazaliwa mwingine. Sarafu iliyong'olewa Tongoni haizai.

Mashine yenyewe, kwa msomaji ambaye hajaiona, si uchawi. Ndani ya ile sahani mna waya uliozungushwa, na umeme wa betri unaopita humo huzusha nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikutana na metali, metali huijibu, na mashine hulia masikioni mwa mwenye nayo. Wenyewe wanaiita ditekta. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ofisa mmoja wa Kipolandi, Józef Kosacki, alitengeneza ya kubebwa mkononi ili kutafuta mabomu yaliyofukiwa. Vita vilipokwisha, mashine za namna hiyo zikaingia mikononi mwa raia huko Uingereza na Marekani, na mchezo ukakua. Kwetu tulizoea kuziona kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Sasa zimeshuka pwani.

Pale barazani tunapokunywa kahawa, Ngamiani, tunaye bwana mmoja mstaafu, mtu wa heshima zake, aliyeletewa mashine hiyo na mwanawe kutoka ng'ambo. Jioni moja alikunjua leso akatuonyesha mavuno yake. Palikuwa na hela za shaba za Mjerumani, na rupia moja ya fedha yenye sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma iliyotuliwa na tai. Palikuwa pia na vipande viwili vidogo vyeusi, vyembamba kama magamba ya samaki, ambavyo hakuvijua ni vya nani. Watu walishangilia. Mimi nikamuuliza, "Bwana Mkubwa, hivi viwili umevipata wapi?"

"Huko kusini, ndugu yangu."

"Kusini wapi?"

"Aa, ufukweni huko. Nani anakumbuka? Mashine ililia, nikachimba."

Basi. Hoja yangu yote imo katika jibu hilo, na yanayofuata ni maelezo tu.

Tuanze na zile alizozijua. Neno hela tunalolitamka kila siku sokoni ni mtoto wa Mjerumani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia na pesa zake mwaka 1890, na mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikaleta hesabu mpya ya heller 100 kwa rupia moja. Heller ikawa hela. Rupia ile ya Mjerumani ilifanywa ilingane kwa uzito na rupia ya Kihindi, kwa sababu rupia ya Kihindi ndiyo iliyokuwa ikitembea pwani nzima, na mfanyabiashara wa Pangani asingekubali kitu chepesi kuliko alichokizoea. Fedha hizo mbili zikakaa mfuko mmoja.

Sasa chukua rupia ya Kihindi yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, imekaa ardhini mahali fulani kati ya mji wa Tanga na Raskazone. Ni ya nani? Yaweza kuwa ya muuza nguo aliyetoka Kachi kutafuta riziki. Yaweza pia kuwa ya askari wa Kihindi aliyeshushwa ufukweni Novemba 1914, wakati Waingereza walipoleta watu wapatao 8,000 kutoka Bombay wakidhani Tanga itaanguka kama embe bivu, wakapigwa na Lettow-Vorbeck na askari wake wapatao 1,000, wengi wao weusi wenzetu, na nyuki nao wakaingia vitani. Mamia walikufa katika mashamba ya minazi na mpira. Rupia peke yake haisemi ni ya nani kati ya watu hao wawili. Kinachosema ni kile kilicholala pembeni yake: kifungo cha kijeshi, ganda la risasi, au bangili ya kioo na kigae cha chungu. Bwana wa mashine akishaifukua na kuitia mfukoni, kifungo kimebaki, bangili imebaki, na ushahidi umekatika katikati.

Zile magamba ya samaki ni jambo zito zaidi. Sikuzipima wala sikuzisoma, kwa hiyo sitasema ni za mji gani. Lakini wasomao vitabu watajua kwamba pwani hii ilipiga sarafu zake yenyewe karne nyingi kabla Mreno hajaijua njia ya kuja kwetu. Kilwa ilipiga za shaba. Upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande mbili hizo yakawa na vina, mithili ya ubeti uliogawanywa kati ya uso na kisogo. Watu waliotia vina katika fedha zao! Nikifikiri hivyo huwa najivuna, na sioni haya.

Lakini sarafu hizo za shaba za Kilwa hazina mwaka. Zina jina tu, na majina ya masultani yalirudiwarudiwa, mjukuu akaitwa kwa jina la babu. Kwa hiyo mwaka wa sarafu hauandikwi juu yake, umeandikwa katika udongo: tabaka gani ilikutwa, juu ya vigae vya aina gani, chini ya sakafu ya nyumba ipi. Ukiitoa humo bila kuandika, umefuta tarehe ya kitu ambacho hakikuwa na tarehe nyingine. Rupia ya Kaiser ina mwaka wake na haitaupoteza hata ikitiwa ndani ya debe. Hii nyingine imepoteza kila kitu.

Nitoe mifano miwili, msomaji apime mwenyewe. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aitwaye Maurie Isenberg, akiwa zamu katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota mchangani sarafu tisa. Akazitia katika kopo akazisahau. Alipozipeleka kwa wataalamu ilikuwa mwaka 1979, na tano kati yake zikaonekana kuwa ni za Kilwa, nyingine za Kiholanzi. Sarafu za Kilwa Australia! Lingekuwa jambo la kugeuza vitabu. Lakini miaka imepita, na hadi leo wataalamu wanabishana tu. Zilifika na nani, lini, kwa chombo gani? Zilikuwa pamoja na zile za Kiholanzi tangu mwanzo, au mawimbi ndiyo yaliyozikutanisha? Hakuna awezaye kujibu, kwa kuwa aliyeokota hakuwa na sababu ya kuangalia kitu kingine zaidi ya kile kilichong'aa. Simlaumu, alikuwa vitani, na wala hakuwa na mashine.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sisi. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, watafiti waliokuwa wakiongozwa na Mark Horton walikuta akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo mno, zenye majina ya watawala wa huku huku, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu zilizopigwa nchi za mbali, zikiwemo za Mafatimi wa Misri. Dinari za kigeni zilikuwa na miaka, na kwa kuwa zote zilikutwa mahali pamoja, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiandika, zile zisizo na mwaka zikapata mwaka: karne ya 11. Tukajua kwamba Pemba ilikuwa na wafalme waliopiga fedha yao wakati Ulaya nyingi bado ilikuwa vijiji. Sasa fikiri dinari hizo zingekutwa na mchezaji wa jioni. Dhahabu ingeuzwa Jumatatu kwa sonara, na magamba meusi yangetupwa au kupewa watoto.

Nasema haya nikiitazama Tongoni, kiasi cha kilomita 20 kusini ya mji wetu. Wazee waliijua kwa jina la Mtang'ata. Kuna gofu la msikiti na makaburi kama 40, mengine yenye nguzo, na ni nadra kuyaona makaburi ya nguzo mengi kiasi hicho mahali pamoja katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Vasco da Gama alipita hapo akienda na akirudi, na mwaka 1499 moja ya merikebu zake, São Rafael, ilichomwa moto na wenyewe katika miamba iliyo karibu kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Habari hizo tunazo kwa sababu Wareno waliandika. Watu wa Mtang'ata wenyewe hawakutuachia kitabu. Walituachia mawe, vigae, shanga, na chochote kilichoanguka kutoka mikononi mwao. Nenda ukaziangalie zile nguzo. Zina mashimo ya duara yaliyokuwa na bakuli na sahani za Kichina zilizopachikwa kwa chokaa. Sahani hazipo. Ziling'olewa moja moja, na sina shaka kwamba kila aliyeng'oa alisema moyoni kuwa ni moja tu, na kwamba yeye ataitunza vizuri zaidi. Yaliyokuwa machoni yamekwisha. Mashine hii imekuja kwa ajili ya yaliyo chini.

Tena ni mashine kiziwi. Haisikii kigae, haisikii ushanga, haisikii mfupa wala mkaa wa jiko. Na ili isisumbuliwe na misumari, wenyewe huirekebisha isisikie hata chuma. Kwa hiyo mchezaji huchimba kupitia ndani ya historia yote asiyoitaka ili aifikie ile moja aitakayo, na kishimo chake cha kiganja kimoja kinavuruga tabaka zilizokaa miaka 500 bila kuguswa.

Rafiki yangu wa barazani ana majibu, na si haki niyafiche. La kwanza, anasema bahari inakula pwani, na kila masika kipande kingine cha ardhi kinaanguka, kwa hiyo yeye anaokoa. Ni kweli bahari inakula. Lakini aokoaye huandika. Nyumba ikiungua, ukaingia ukatoka na saa ya ukutani ukaenda nayo kwako, jirani hawataita huko kuokoa.

La pili, Uingereza wanafanya. Hili analisema kwa sauti ya ushindi. Naam, wanafanya, na wanafanya vizuri. Lakini tazama wanavyofanya. Wana sheria ya hazina ya mwaka 1996. Tangu 1997 wana maofisa mikoani ambao kazi yao ni kupokea na kuandika vitu vilivyookotwa na raia, na wameshaandika zaidi ya vitu milioni moja, kila kimoja na mahali pake kwenye ramani. Mchezaji lazima apate ruhusa ya mwenye shamba. Kupita na mashine juu ya eneo lililolindwa bila kibali ni kosa huko tangu sheria ya mwaka 1979. Huyu wetu amechukua mashine ya Mwingereza akaiacha daftari yake.

La tatu ndilo lenye uzito, na hapo namwachia nusu ya njia. Anasema: kama ningetaka kuandikisha, ningemwandikishia nani? Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka aliyeokota atoe taarifa, na inakataza kuchimba bila leseni. Vizuri. Lakini mvuvi wa kijijini akiokota sarafu wavu ukiwa begani, atoe taarifa kwa nauli ya nani? Nimewasikia wenye hofu kwamba ukipeleka kitu cha kale utaulizwa kwanza ulikiiba wapi, halafu kitu kitaingia katika droo na hutakiona tena wala kusikia kilikuwa nini. Hofu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mpeni mtu huyo nauli, mwandikieni jina lake kwenye kibandiko chini ya kioo pale katika boma la zamani mjini Tanga, muone kama hataleta.

Tena sheria yenyewe ilichora mstari wake kwenye mwaka 1863: kilichotengenezwa na mikono ya watu kabla ya hapo ni cha kale, cha baada ya hapo kinahitaji tangazo la waziri ndipo kilindwe. Mwaka 1964 mstari huo huenda ulitosha. Leo, rupia za 1890 na maganda ya risasi ya 1914 yamepita miaka 100 yakiwa nje ya mstari, na wachezaji wanalijua hilo kuliko wabunge. Ndiyo maana huanza na hela za Mjerumani. Mashine haijui 1863, na mguu unapofika Tongoni haurudi nyuma kwa sababu ya tarehe.

Liko pia hili la mali ya Mjerumani, ambalo waungwana hawapendi lisemwe karibu na jina lao. Nchi hii imejaa watu wanaochimba usiku chini ya misingi ya maboma, katika makaburi ya wazungu huko milimani Usambara, chini ya mibuyu yenye alama, wakiamini Mjerumani alizika dhahabu kabla ya kukimbia. Dhahabu ya Mjerumani inayojulikana ni ile rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke, wakati manowari za Waingereza zilipokuwa zimeziba bahari. Zilitoka zaidi ya 16,000 kidogo, na zilipigwa ili zitumike. Wajinga wameuza mbuzi na mashamba kuwalipa matapeli wenye ramani za uongo. Rafiki yangu huwacheka. Mimi nimeona kijijini, siku chache baada ya mgeni mmoja na mashine yake kupita karibu na makaburi ya wazee, vijana wamekuja na majembe usiku wakafukua pale pale alipokuwa ameinama. Wao hawana betri. Walitumia macho yao kumfuata mwenye betri.

Na wachimbao Tanga wakumbuke kwamba mwaka 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox iliupiga mji kwa mizinga. Masikioni, kombora ambalo halikulipuka hulia kama sufuria.

Mtu atauliza, je, mashine hizi zivunjwe? La hasha. Mwaka 1983 moto uliunguza majani katika uwanja wa vita wa Little Bighorn huko Marekani, ambako mwaka 1876 Wasiuksi na Wacheyenne walimmaliza Custer. Mwaka uliofuata watafiti waliwaita wenye mashine, watu wa mchezo huu huu, wakawapanga mstari mmoja. Kila mashine ilipolia, mtu alichomeka kibendera na hakuchimba. Nyuma yake wakaja wenye vipimo wakaandika mahali, kina na uelekeo wa kila risasi. Kutokana na maganda hayo waliweza kufuata bunduki moja moja ilivyohama kutoka kilima hadi kilima, na habari iliyosimuliwa na wenyeji wa nchi hiyo kwa miaka 100 bila kusadikiwa ikapata shahidi. Hebu fikiri kazi kama hiyo ifanyike kati ya reli na Raskazone kabla nyumba hazijamaliza viwanja. Askari weusi waliopigana pale hawakuandika kumbukumbu za vita. Majenerali waliandika. Maganda ya risasi za askari bado yamo ardhini, kila moja mahali aliposimama mwenyewe.

Kazi hiyo ingehitaji watu 10 wenye mashine na subira, na rafiki yangu angekuwa wa kwanza kumpendekeza. Ana sikio zuri. Mpaka hapo itakapokuwa, namwomba yeye na wenzake waziache Tongoni, kisiwa cha Toten na misikiti yake iliyobomoka, mahame yote ya Pangani, na Raskazone pia, maana ndiko walikoshuka wale waliokuja kufa. Kama mkono unawawasha, waende Ushongo, mbele ya mahoteli, kwenye mchanga wa maji kupwa na kujaa ambao bahari huugeuza mara mbili kwa siku. Watapata visoda kwa wingi, shilingi mia mbili mia mbili, na pengine pete ya harusi iliyomtoka mtalii akiogelea. Mwenye pete hiyo huenda yuko hai, na anaweza kuulizwa ilikotoka.